Ameula wa Chuya: Aliula Nini?

Mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazee wetu mlioketi mbele, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, assalamu alaykum, na habari za asubuhi.

Kabla sijasema lolote, naomba ungo huu uanze kuzunguka. Uanzie kwa wazee. Ndani mna kilo mbili za mchele, na humo nimetia chuya ishirini na mbili. Nilizihesabu jana usiku, nikazihesabu tena alfajiri nilipomaliza kusali. Kila atakayeupokea ungo atoe chuya anazoziona, azitie kwenye kile kibakuli cha bluu, kisha ampe wa pembeni yake. Mimi nitakuwa nasema. Msinitazame sana, tazameni mchele.

Nimewaona vijana wawili huko nyuma wameulizana kwa macho: chuya ndiyo nini? Tulieni, tutafika.

Leo ni tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, siku tuliyotengewa na UNESCO mwaka 2021. Desturi ya siku hii ni kukisifu Kiswahili kwa ukubwa wake: kina wasemaji zaidi ya milioni mia mbili, kinasemwa kwenye vikao vya Umoja wa Afrika, kinafundishwa ng'ambo. Ni kweli, na wenzangu watakaonifuata watalisema hilo vizuri kuliko mimi. Mimi nimekuja na kitu kidogo kabisa. Nimekuja na herufi moja, herufi u, iliyo katikati ya msemo huu wa kale: *ameula wa chuya*.

Nimefundisha Kiswahili hadi nikastaafu, na sijui nimesahihisha madaftari mangapi. Swali la nahau hii huja kila baada ya muda, na majibu yake nayajua kama ninavyoujua mlango wa nyumba yangu. "Amepata hasara." "Amekosa bahati." "Ametapeliwa." Yote hayo nilikuwa nayapa alama, maana ndivyo vitabu vya mazoezi vinavyosema, na mwalimu naye ana watoto wanaosubiri mtihani.

Lakini kuna mwanafunzi mmoja sijamsahau. Yeye aliandika hivi: "Ameula wa chui, yaani amekula nyama iliyobakizwa na chui." Nilimpa sufuri. Darasa zima lilicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka nao. Usiku ule, natayarisha somo la kesho, nikaona kwamba katika watoto arobaini na kitu, huyu peke yake ndiye aliyejiuliza swali la maana: huyu mtu *ameula* nini? Wenzake waliikariri maana kama wanavyokariri namba ya simu. Yeye alitafuta chakula.

Alikosea chakula tu. Na lugha yenyewe ingemwonya, kama angeisikiliza. Nyama haiwezi kuwa "wa". Angekula nyama ya chui tungesema *ameila ya chui*.

Haya, walimu mnisamehe, nirudi darasani kidogo. Kitenzi *kula* ni kifupi mno, shina lake ni *-la* basi, na kwa ufupi huo hakipendi kutembea peke yake. Hushikwa mkono na *ku*: amekula, atakula, wanakula. Lakini mara tu anapotokea mtendwa ndani ya kitenzi, ile *ku* inaondoka, kazi yake imekwisha: ameila, amelila, amekila, ameula. Hakuna anayesema *amekuula*. Kwa hiyo anayesema "ameula" amekwisha kukwambia kwamba kinacholiwa kinajulikana, wewe na yeye mnakijua, hakuna haja ya kukitaja. Kisha anaongeza "wa", a-unganifu inayokitazama kitu kilekile. U hapa, wa pale. Nomino yenyewe imeondoka, imeacha nyayo mbili mchangani.

Wahenga walikuwa na tabia hiyo. *Ukiona vyaelea vimeundwa.* Vyaelea vitu gani? Mtu wa bara atasema vitu, vitu vyovyote. Muulize mtu wa pwani: ni vyombo, majahazi na mashua, vilivyoundwa na mafundi kwa shoka na tezo hadi vikaelea. *Yakimwagika hayazoleki*: maji. *Za mwizi arobaini*: siku. Waliosema maneno haya walikuwa wamesimama penye kitu chenyewe, wanakiona, na mtu hataji anachokiona mwenzake. Anayetaabika ni sisi tuliokuja baadaye, tukakuta watu wamekwisha kuondoka na vitu vyao.

Basi tufanye kazi ya mpelelezi. Kitu gani huliwa, na kina upatanisho wa u? Ni vingi, jamani. Mkate: ameula. Muhogo: ameula. Ugali: ameula. Wali: ameula. Mkunga wa baharini, yule samaki mrefu kama nyoka, kama unampenda na hukumpa heshima ya kiumbe: ameula. Sarufi peke yake inatuacha sokoni katikati ya meza kumi. Inayotutoa ni ile chuya.

Bibi yangu alikuwa mtu wa Pemba, upande wa Wete, na mpunga kwao ulilimwa bondeni. Nyinyi mliokulia kwenye mchele wa pakiti, nivumilieni nieleze. Mpunga ukishavunwa hupurwa ukatoka kwenye masuke, ukaanikwa juani kwenye jamvi. Ukikauka, hutiwa kinuni ukatwangwa kwa mchi. Mchi hauvunji punje, ukivunja umeharibu, umepata chenga. Kazi ya mchi ni kuzisugua punje zenyewe kwa zenyewe mpaka zivue maganda. Kisha vyote vinamiminwa kwenye ungo, ambao ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wanauita uteo, na hapo ndipo unapomjua mwanamke aliyelelewa na kinu. Anapepeta. Ungo unapanda, unashuka, upepo unachukua wishwa, yale maganda matupu, kuku wanakuja mbio wakidhani wamepata. Anapeta tena kwa namna nyingine, kwa kuutikisa na kuuinamisha, chenga zinakwenda zao upande mmoja. Ungo unasema *shaa, shaa, shaa*. Mimi nikisikia sauti hiyo hata leo naona njaa.

Sasa, kati ya mpunga wote uliopita kinuni, kuna punje ambazo mchi umezikosa. Zilijificha chini, au ganda lake ni gumu, au mtwangaji alichoka. Zimetoka jinsi zilivyoingia, na ganda lake mwilini, rangi ya majani makavu, ncha kali kama sindano. Hizo ndizo chuya.

Vijana wa nyuma, mmezipata? Naona mmoja ananionyesha kidole na kitu kidogo juu yake. Ndiyo yenyewe hiyo. Itie kibakulini.

Tazameni ubaya wa chuya. Wishwa hana tabu, upepo unamchukua. Chuya ina punje ndani yake, ina uzito, upepo unaishindwa. Fundi wa kupeta ataweza kuzikusanya nyingi ukingoni mwa ungo akazichota kwa kiganja, lakini hazimalizi. Zinazobaki haziondoki kwa upepo wala kwa kutikisa. Zinaondoka kwa njia moja tu: mtu akae kitako, aweke ungo magotini, atandaze mchele kwa vidole, atazame, atoe moja, atandaze tena. Kazi hiyo ina jina lake: *kuchagua mchele*. Si kuchagua kwa maana ya dukani, kuchukua hiki ukaacha kile. Ni kutoa kibaya kilichojificha kwenye kizuri.

Sasa sikilizeni mkia wa msemo wetu, ule ambao siku hizi hukatwa: *ameula wa chuya kwa uvivu wa kuchagua*. Wahenga hawakusema uvivu wa kutwanga. Hawakusema uvivu wa kupepeta. Mtu anaweza kuwa alitwanga hadi viganja vikatoka malengelenge, akapepeta hadi mabega yakamuuma, bado akaula wa chuya. Kazi ya nguvu aliifanya yote. Aliyoiacha ni ile ndogo, ya kukaa na kutazama, isiyotoa hata jasho.

Bado kuna fundo moja halijafunguka. Je, kilicholiwa ni mchele au ni wali? Kiswahili kina wivu na vitu hivi: shambani ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukipikwa ni wali, na mtoto anayesema "nimekula mchele" huchekwa mpaka akakua. Chuya ni mambo ya mchele. Tunasema mchele una chuya. Kula ni mambo ya wali. Kwa bahati nzuri, au kwa ujanja wa aliyeusema kwanza, maneno yote mawili yana upatanisho wa u. Kwa hiyo ile u haikulazimika kuamua. Inashika asubuhi kwenye ungo na adhuhuri kwenye sinia kwa mkono mmoja. Kosa lilifanyika ukiwa mchele, na adhabu ikafika umekuwa wali. Ukinilazimisha nichague, nitasema ni wali, kwa kuwa msemo unaanza na kula. Lakini wakati wa kuula unapofika, wakati wa kufanya lolote umeshapita. Chuya ikipikwa huwezi kuichagua tena; imejichanganya na tui, imekuwa rangi moja na wenzake, unaijua inapokuchoma ufizi au inapokwama kooni mbele ya wageni. Bibi yangu akimwona mgeni ameacha kutafuna ghafla, alikuwa anamwuliza mama kwa sauti ya chini, "Leo nani alichagua?" Hakuuliza nani alipika.

Kuna mwalimu mwenzangu, mtu wa Lamu, aliwahi kunijia na nadharia kwamba chuya ni kitenzi *kuchuja* kwa lafudhi ya kaskazini, kwa kuwa kwao *j* hulainika ikawa *y*: moja ni moya. Ni nadharia nzuri kuisikiliza ukiwa na kahawa mkononi. Mimi siikubali. Kinachochujwa ni cha majimaji, tui au chai, na kinachobaki kwenye chujio kina majina yake, machicha na makapi. Chuya haijawahi kupita kwenye chujio lolote. Tulibishana hadi kahawa ikapoa, na yeye hajanikubalia mpaka leo.

Mtaniuliza, basi, msemo huu una umri gani? Mwaka siwezi kuwatajia, ila naweza kuwaambia watu wa pwani hii wameanza lini kuwa na chuya za kuchagua. Kule Pemba wataalamu wa mambo ya kale walichimba miji miwili iliyokaribiana, Tumbe na Chwaka. Tumbe ulikuwa hai kati ya karne ya 7 na ya 10, na nafaka iliyotawala jikoni mwao ilikuwa mawele. Mchele ulikuwepo kidogo. Chwaka ulifuata, kuanzia karne ya 11 hadi ya 16, na hapo mchele ukawa ndio mwingi, mawele yakarudi nyuma. Wamejua kwa punje zilizoungua moto, maana ndizo zilizohifadhika ardhini. Na Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipopita pwani hii mwaka 1331, kule Muqdisho, yaani Mogadishu, alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa kwenye sahani kubwa ya mti. Kwa hiyo kabla ya Mreno kufika, kuna bibi wa Chwaka alikuwa amekaa kitako na ungo magotini.

Na mkitaka, angalieni methali zenyewe zinavyotunza tabaka hizo. *Penye kuku wengi usimwage mtama.* Mtama, nafaka ya kale. Siku hizi nasikia vijana wakisema usimwage mchele penye kuku wengi. Methali imebadilishiwa chakula, kuku ni walewale.

Sasa nije huku kwetu, maana naona mgeni rasmi anatazama saa.

Msemo huu umezaa ndugu mmoja asiyefanana naye. Soma magazeti ya Tanzania: "Mtanzania aula", kwa maana kapata cheo kikubwa, kapata tenda, kapata timu ya nje. Vijana wanasema "jamaa kaula!" kwa wivu na pongezi. Hiyo *u* ya huko ni ya nini? Wengine wananiambia ni mkate, wengine ulaji. Mimi naona vijana wamefanya kama wahenga tu, wameacha nomino nje kwa kuwa kila mtu mtaani anajua ni ulaji gani unaotajwa. Lakini tazameni jinsi mkia unavyofanya kazi. Ukisema "fulani kaula", watu wanainuka kumpongeza. Ukiongeza "wa chuya", wanakaa. Furaha yote imo katika neno la kwanza na kilio kimewekwa mwishoni, palepale inapokaa chuya yenyewe, ndani ya tonge uliyoisubiri tangu asubuhi.

Ninacholalamikia ni kimoja. Kwa kukata ule mkia wa uvivu, tumeugeuza msemo ukawa wa kila balaa. Mzee kaporwa na majambazi njiani: "kaula wa chuya." Hapana. Mafuriko yamechukua shamba la mtu: "kaula wa chuya." Hapana, tena hapana, huyo mpeni pole. Timu imefungwa na timu iliyo bora kuliko yenyewe: hiyo imefungwa, basi. Ila klabu iliyomsajili mshambuliaji kwa kutazama video yake ya dakika tatu, ikalipa, akashuka kwenye ndege anachechemea goti, hiyo imeula, na wa chuya. Kijana aliyenunua simu kwa mpita njia, akaona boksi limefungwa vizuri na bei imemfurahisha, akafika nyumbani akakuta kipande cha sabuni, huyo ameula. Boksi lilikuwa mkononi mwake, vidole anavyo, macho anayo. Kiwanja ulichoonyeshwa saa kumi na mbili jioni, ukalipa kabla ya kuuliza majirani: usimtafute mchawi, mwanangu.

Ukali wa msemo uko hapo. Unamtaja anayekula. Aliyeuza mchele hatajwi, kinu hakitajwi.

Najua mtu atasimama kunijibu kwa methali nyingine, na nimemtayarishia jibu. Atasema: *mchagua nazi hupata koroma*. Anayezigonga nazi zote sokoni, hii ndogo, hii nyepesi, hii haina maji, mwisho huachiwa koroma, nazi changa isiyo na tui. Mbona basi wahenga wanatukemea tukichagua na wanatukemea tusipochagua? Swali hili lilinisumbua miaka. Siku moja nikawa nakuna nazi, na mchele uko pembeni kwenye ungo, ndipo nikaona kwamba vyote viwili viko katika jiko moja, vinaingia chungu kimoja, na kila kimoja kina kuchagua kwake. Nazi huchaguliwa sokoni, kitu kimoja kati ya vingi, nawe huoni ndani. Kusitasita kunakucheleweshea, wenzako wanachukua. Mchele umeshaununua, ni wako, umo kwenye ungo wako, na kila kitu kiko wazi juu ya uso wake. Hakuna anayekukimbiza. Neno ni moja, *kuchagua*, lakini ni kazi mbili, na wali wa nazi hautoki bila zote.

Bibi yangu mwishoni aliingiwa na mtoto wa jicho. Hakuweza kumtambua mtu mpaka aseme. Lakini mchele alichagua mpaka mwisho. Alipitisha kiganja juu ya ungo polepole, kama anayempapasa mtoto aliyelala, na vidole vyake vilisimama. "Hii hapa," anasema, anaitoa. Sisi wenye macho tulikuwa tumeshapita hapo na hatukuiona.

Haya, ungo umerudi. Ahsanteni. Mwalimu, hebu nihesabie za kwenye kibakuli... Kumi na tano? Hesabu tena, tafadhali... Kumi na tano.

Nilitia ishirini na mbili. Saba bado zimo humu, na ungo umepita mikononi mwa watu wote wa ukumbi huu, pamoja na walimu wa Kiswahili kumi na wawili. Kina mama wa jikoni wameniambia moto umeshakolea na tui liko tayari, kwa hiyo mchele huu unakwenda chunguni sasa hivi kama ulivyo.

Karibuni chakula.